AKIBA YA JIKONI: KUNUNUA KWA PAMOJA NA KUPIKA MARA MOJA

Somo la nyumba na jamaa

Somo hili ni la akina mama, akina baba, na vijana wanaoanza nyumba zao. Yafaa lisomwe polepole katika vikundi vya mitaa, kila mtu akiwa na karatasi na kalamu. Mwishoni yako maswali ya kujadiliana na kazi ya kufanya nyumbani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa fedha. Lakini akiba ya jikoni huoza! Maharage hubunguliwa, mahindi hupata ukungu, mboga huchacha. Kwa hiyo mtu anayetaka kupunguza gharama ya chakula hana budi kujifunza mambo matatu pamoja: kununua vizuri, kupika vizuri, na kuhifadhi vizuri. Akikosa moja kati ya hayo, hasara humrudia kwa mlango mwingine.

1. Kwa nini mwenye kidogo hulipa zaidi

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalijua lakini hatujalipigia hesabu. Anayenunua mafuta ya kupikia robo lita kwa robo lita hulipa zaidi kwa kila lita kuliko anayenunua dumu zima. Ndivyo ilivyo kwa mchele, sukari, sabuni, vitunguu na mkaa. Mwenye duka dogo naye hana kosa, kwa maana amelipa nauli, amelipa pango, na anapopima kidogo kidogo hupoteza. Gharama hizo zote humwangukia mnunuzi wa mwisho.

Natutoe mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke bei za soko lake. Tuseme robo lita ya mafuta ni shilingi 1,800. Lita moja basi imekugharimu shilingi 7,200. Tuseme dumu la lita 5 ni shilingi 30,000, yaani shilingi 6,000 kwa lita. Tofauti ni shilingi 1,200 kwa kila lita. Jamaa inayotumia lita 4 kwa mwezi hupoteza shilingi 4,800 kila mwezi, na kwa mwaka shilingi 57,600. Hayo ni mafuta peke yake. Ukiongeza mchele, maharage na mkaa, utaona kwamba fedha za madaftari na sare za watoto zilikuwa zikipita jikoni bila mtu kuziona. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini tusimlaumu mama anayenunua robo lita. Mara nyingi sababu haiko kwake. Fedha ya matumizi huachwa mezani kila asubuhi, ya siku moja tu, naye hawezi kununua dumu kwa fedha ya siku moja. Katika nyumba nyingine baba mwenyewe hulipwa kwa siku, hana mshahara wa mwezi. Kwa hiyo neno la kwanza la somo hili haliko sokoni. Liko nyumbani, kati ya mume na mke: wakae, waandike matumizi ya mwezi, wakubaliane ni vitu vipi vitanunuliwa kwa mkupuo mmoja na ni vipi vya kila siku. Baba mwenye mshahara akitoa fedha ya vyakula vikavu mara moja mwanzoni mwa mwezi, mama atajua la kufanya nayo. Akiitoa kidogo kidogo, amekwisha kuamua kwamba nyumba yake italipa bei kubwa.

2. Upatu wa chakula

Je, wale wanaolipwa kwa siku wafanyeje? Njia iko, nasi tunaijua tangu zamani. Ni upatu, ambao wengine huuita mchezo. Tofauti ni kwamba hapa hatumpi mtu fedha, tunagawana chakula.

Majirani watano au sita wanaoaminiana huweka fedha kidogo kila juma kwa mwekahazina waliyemchagua. Fedha ikitosha, wawili kati yao huenda soko kubwa au kwa mkulima, hununua gunia la maharage au la mchele, na kurudi kuligawa. Ili kikundi kisivunjike, yafaa kuwa na taratibu hizi:

(a) Kila mtu alipe kabla ya safari. Anayekopeshwa gunia la wenzake ndiye anayevunja kikundi, hata kama hana nia mbaya.

(b) Nauli na gharama ya mzigo zihesabiwe ndani ya bei. Wanaokwenda sokoni hutoa jasho lao. Wasitoe na nauli.

(c) Mgawanyo ufanywe kwa mizani, mbele ya wote, na uandikwe katika daftari. Kipimo cha kopo au sado huleta maneno, maana mkono wa mmoja hushindilia na wa mwingine huacha wazi.

(d) Sokoni, nunueni kwa kilo. Msidanganywe na ukubwa wa gunia lililoshonwa kilemba juu. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, nayo humwibia mkulima.

(e) Nunueni wakati wa mavuno. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa kwa wingi kati ya Juni na Agosti, na bei hushuka. Ikifika Januari na Februari, wakati akiba za wengi zimekwisha, bei hupanda.

Kuhusu maharage kuna jambo ambalo si kila mnunuzi analijua. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu, na hayaivi upesi hata ukiyaloweka. Mtu akiuziwa maharage ya zamani kwa bei ndogo, faida yote huishia katika mkaa. Afadhali maharage ya msimu huu kwa bei kubwa kidogo.

3. Kuponi na ofa

Wenye ndugu Marekani huenda wamesikia habari za kuponi. Hicho ni kipande cha karatasi kinachokatwa katika gazeti, na siku hizi hupatikana hata katika simu, ambacho mnunuzi humwonyesha mwenye duka ili apunguziwe bei ya kitu fulani. Desturi hiyo si ya jana. Kampuni ya Coca-Cola ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitumia, mwishoni mwa karne ya 19, ikitoa kuponi za kunywa glasi moja bure. Ziko nyumba huko ambazo hupanga kuponi zao kwa makini, hununua vitu kwa wingi siku ya punguzo, hupika vyakula vya majuma kadhaa siku moja, na kuvigandisha.

Kwetu kuponi hazikuenea, lakini ofa zimekuja pamoja na maduka makubwa: nunua mbili upewe ya tatu bure, nunua leo bei imeshuka. Yafaa tujifunze kwa wenzetu jambo moja. Kampuni haitoi kuponi kwa kukuhurumia. Huitoa ili ununue kitu ambacho pengine usingekinunua. Kwa sababu hiyo kuponi nyingi ni za vitu vya paketi na makopo, wala si za mchicha na viazi. Mnunuzi mwerevu huandika orodha yake kabla ya kutoka nyumbani, kisha huangalia kama kuna punguzo katika vitu vilivyo ndani ya orodha hiyo. Punguzo la kitu kisichokuwamo katika orodha si akiba, ni matumizi mapya. Tena aangalie tarehe ya mwisho ya kutumika. Mara nyingi bei imeshuka kwa sababu siku zimekaribia kwisha.

4. Moto mmoja kwa milo mingi

Sasa tuingie jikoni. Katika nyumba zetu gharama ya chakula ni mbili: chakula chenyewe, na moto wa kukiivisha. Maharage huonyesha jambo hili vizuri kuliko chakula kingine.

Tuseme jamaa ya watu sita hula maharage mara nne kwa juma, nusu kilo kila mara, nayo huchukua saa mbili kuiva. Hiyo ni saa nane za moto. Wakichemsha kilo mbili kwa pamoja katika sufuria kubwa, huenda ikachukua saa mbili na nusu. Saa tano na nusu za mkaa zimeokolewa kila juma, pamoja na muda wa mama kukaa jikoni akipuliza moto. Kilo mbili za maharage makavu zikiiva hutoa zaidi ya kilo nne.

Utaratibu ni huu. Ijumaa usiku chagua maharage, toa mawe na yaliyobunguliwa, osha, kisha loweka kwa maji mengi hadi asubuhi. Jumamosi mwaga maji hayo, weka mengine safi, uyachemshe kwa nguvu kwa muda wa nusu saa. Baadaye punguza moto yaendelee kuiva polepole. Usiruke hatua ya kuchemsha kwa nguvu. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huleta kutapika na kuharisha, na moto hafifu hauiondoi. Anayetumia kapu la kuhifadhi joto naye achemshe kwanza nusu saa, ndipo afunike sufuria na kuizika ndani ya kapu.

Usiyaunge yote. Yaache yaive kwa maji tu na chumvi kidogo, kisha gawa mafungu manne. Fungu la kwanza liungwe nazi siku hiyo hiyo. La pili litachanganywa na mahindi kuwa makande. La tatu litaungwa nyanya na vitunguu kwa ugali. La nne litapondwa na kukaangwa, liliwe na chapati. Moto ulikuwa mmoja, lakini watoto hawataona kwamba wanakula chakula kile kile.

Tena tumia moto huo huo kwa kazi nyingine. Nyanya zikiwa nyingi na bei imeshuka, zikatekate pamoja na vitunguu, zipike hadi zikauke maji, ziwe tayari kwa mchuzi wa majuma yajayo. Nyama ya supu ichemshwe yote siku moja na kugawanywa. Mboga za majani zinazokusudiwa kugandishwa zitiwe katika maji yanayochemka dakika mbili au tatu, zitolewe zitiwe katika maji baridi, kisha zikamuliwe. Lakini viazi mviringo visigandishwe, kwa maana vikiyeyuka huwa na majimaji na kupoteza ladha. Ugali nao ni chakula cha saa ile ile.

5. Kuhifadhi kwa usalama

Hapa ndugu zangu tusikilizane vizuri. Anayepika chakula cha siku moja akikosea, huharibu mlo mmoja. Anayepika chakula cha juma zima akikosea, huweza kuiugulisha nyumba nzima.

Vijidudu huongezeka upesi katika chakula chenye uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi. Sufuria kubwa ya maharage ikiachwa mezani hadi asubuhi, katikati hubaki vuguvugu usiku kucha. Wengine husema, "Si neno, nitayachemsha tena." Neno hili ni la hatari. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini baadhi yao huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Wali uliolala nje una hatari hiyo hiyo.

Basi fanya hivi. Chakula kikishaiva, kigawe katika vyombo vipana visivyo na kina. Weka vyombo hivyo ndani ya beseni la maji baridi, ukikoroga mara kwa mara. Ndani ya saa mbili kiwe kimeingia katika friji. Siku za joto kali, ndani ya saa moja. Katika friji yenye baridi ya nyuzi 4 au chini yake, maharage au mchuzi hukaa siku tatu hadi nne. Katika friza, yaani friji ya kugandishia, yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hukaa miezi miwili au mitatu bila kupoteza ladha.

Tumia vyombo vyenye mifuniko. Hata makopo ya siagi yaliyooshwa vizuri yafaa, ila chakula kiwe kimekwisha kupoa. Usijaze hadi juu, kwa maana maji yakiganda hutanuka, nayo chupa ya kioo iliyojaa hupasuka. Kila chombo kiwe na mlo mmoja wa jamaa yako, kibandikwe karatasi yenye jina la chakula na tarehe, na kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Unapotaka kutumia, hamisha chombo kutoka friza hadi friji tangu usiku. Usikiache mezani kutwa. Kisha kichemshe mpaka katikati kitokote.

Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, usifungue friza kuchungulia. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa hulinda baridi yake kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Chakula kilichoyeyuka na kupata joto kitupwe, hata kama moyo unauma. Dawa ya tumbo la mtoto ni ghali kuliko kopo la maharage.

Wasio na friza wasikate tamaa. Majirani wa upatu mmoja waweza kutumia friza ya mwenzao, wakichangia umeme. Na asiye na friji kabisa apike ya mlo wa mchana na wa jioni kwa moto mmoja. Ya jioni yabaki ya moto sana ndani ya kapu, si vuguvugu. Kwake akiba kubwa itatokana na vyakula vikavu vilivyonunuliwa kwa pamoja, na mboga zilizokaushwa juani wakati wa mvua zilipokuwa tele.

Vyakula vikavu navyo vina adui yake. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu hupata ukungu unaoleta sumukuvu. Mwaka 2004 huko Kenya watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 msiba kama huo ulizifikia nyumba za mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, wala huwezi sikuzote kuiona kwa macho. Kwa hiyo, kabla ya kugawana gunia, kausheni nafaka vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Toeni punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, wala msiwape kuku. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko ya tabaka tatu, inayojulikana kwa jina la PICS, huzuia hewa kuingia, hivyo wadudu hufa bila dawa. Lakini nafaka iwe imekauka kabisa kabla ya kutiwa ndani.

6. Neno la kumalizia

Mambo haya yote hayahitaji utajiri. Yanahitaji mapatano nyumbani, uaminifu kati ya majirani, na mikono safi. Nyumba isianze yote kwa siku moja. Ianze na kitu kimoja, mafuta au maharage, kwa mwezi mmoja, ikiandika. Mwisho wa mwezi fedha iliyookolewa itengwe na kupewa kazi yake kwa jina: ada, dawa, bati la jiko. Isipopewa kazi, itajitafutia kazi yenyewe, na nyumba itashangaa kwamba ilijinyima bila kupata kitu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba zetu, ni nani anayeamua fedha ya chakula itolewe kwa siku, kwa juma au kwa mwezi? Je, mume na mke huzungumza jambo hilo?

2. Tajeni vitu vitatu mnavyonunua kidogo kidogo. Lita moja au kilo moja ya kila kimoja huwagharimu kiasi gani kwa kipimo kidogo, na kiasi gani kwa jumla?

3. Ni jambo gani lililowahi kuvunja vikundi vya upatu katika mtaa wetu? Taratibu zipi zingezuia?

4. Je, iko nyumba katika mtaa wetu ambayo haiwezi hata kuchangia upatu? Kikundi kitaisaidiaje bila kuiaibisha?

Kazi ya nyumbani

Kwa muda wa siku saba andika kila shilingi iliyotumika kwa chakula na kwa moto, katika safu mbili. Jumamosi inayofuata chemsha maharage ya juma zima kwa utaratibu wa sehemu ya 4 na ya 5, ukipima mkaa uliotumika. Ukiwa huna friji, pika ya milo miwili tu kwa moto mmoja. Njoo na karatasi zote mbili katika kikundi chako, mkalinganishe.